Malaika wa Ofisi Yetu

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuianza barua yako bila shikamoo. Hata huko uliko ungenirudishia karatasi niandike upya. Nimekaa barazani kwenye kiti chako kile chenye mguu mmoja mfupi, nimeweka kibao chini yake kama ulivyozoea. Ni Ijumaa, saa nne asubuhi, watu wote wako makazini, na mimi niko nyumbani. Kwa nini niko nyumbani ndiyo habari yenyewe, na nitaifikia.

Kwanza habari ndogondogo. Kuku wako wapo wote, ila yule mwekundu ameacha kutaga tangu msiba, sijui ni huzuni au ni uzee. Jirani amejenga ukuta na amemega hatua moja ya kwetu, kama ulivyosema atafanya. Nami nimenyamaza, kama ulivyojua nitafanya. Kaburi lako kule Mbinga limewekewa saruji, shangazi amenitumia picha. Nimelikagua jina lako pale msalabani mara tatu, herufi kwa herufi, kwa sababu kosa la tahajia lingekufufua. Liko sawa. Pumzika.

Sasa habari yenyewe. Mama, nilikudanganya kuhusu kazi yangu.

Sikusema uongo mzima, maana huo ungeugundua kabla sijamaliza sentensi. Nilisema nusu. Siku ile ulikuwa unachambua mchele, ukaniuliza bila kuinua uso, "Hivi Tekla, huko ofisini unaandikaga nini hasa?" Nikakujibu naandika matangazo ya usalama wa jamii. Ukafurahi kweli. Ukasema kumbe kile Kiswahili ulichonichapia viboko kimepata ajira. Tulicheka wote wawili, nami nikaingia ndani upesi nisije nikaulizwa swali la pili.

Nusu nyingine ni hii. Ofisi yetu ilinunua mfumo wa kompyuta wa kufuatilia watu. Unapokea meseji za wananchi, picha za kamera za barabarani na namba za simu, unavipanga pamoja, halafu unawaambia wakubwa nani yuko wapi na yuko na nani. Ulikuja na jina la Kizungu lenye namba nyuma yake, jina ambalo hata fundi wake alikuwa analisahau. Wakubwa wakasema mwananchi hawezi kukiamini kitu chenye namba. Tukapelekwa semina ya siku mbili kwenye hoteli moja Msasani, kutafuta jina.

Mkurugenzi wetu unamkumbuka, ulimpikia chai alipokuja kukuona hospitali ilipokuruhusu. Mlokole wa kweli, anafunga kila Jumatano, sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Alisimama mbele yetu akasema, "Watu wetu ni watu wa dini. Nataka jina la kiroho kidogo. Bibi wa Kibamba akilisikia, afungue mlango mwenyewe." Watu wakaanza kutaja. Jicho la Mungu. Mchungaji Mwema. Yule wa uhasibu akasema Kitabu cha Uzima, akapigiwa makofi, ila likaonekana refu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na sinia la sambusa. Nikanyoosha mkono nikasema, "Malaika Mlinzi."

Ukumbi mzima ulishangilia. Mkurugenzi alifumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, akasema, "Dada huyu ametumwa."

Unajua nilipolitoa jina hilo. Nililitoa kwenye ule mkeka wa chumbani, tulipokuwa tunapiga magoti kila jioni, mimi na wadogo zangu, wewe ukitusahihisha hata matamshi ya sala. Ulituambia malaika mlinzi anaona kila kitu lakini hamsemei mtu. Nilikiokota kitu chetu cha ndani nikakipeleka Msasani, nikalipwa makofi. Wala sikujisikia vibaya. Nilirudi nyumbani na mfuko wa semina na kalamu mbili, moja nikakupa wewe.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Ni Kaka Saidi, yule Mwarabu wa Temeke mwenye meza karibu na yangu, ambaye baba yake ana duka la nafaka na tende, uliyekuwa unamtumia salamu kila Idi. Wakati wa chai alinijia na kikombe chake, akasema taratibu, "Dada Tekla, jina hilo lina wenyewe." Akanieleza kwamba kwao kila mtu ana malaika wawili wa kuandika, wa kulia anaandika mema na wa kushoto anaandika mabaya. Mtu akikosea, yule wa kulia humzuia mwenzake. Humwambia ngoja kwanza, usiandike, huenda akatubu. Na yule wa kushoto huiweka kalamu chini, akasubiri. "Sasa huyu wenu wa umeme," Kaka Saidi akasema, "atasubiri?" Nikamcheka. Nikamwambia kaka, hilo ni jina tu.

Baada ya hapo majina yakawa kama homa. Kamera zikaitwa Makerubi. Orodha ya watu wanaofuatiliwa ikaitwa Zizi. Na lile jalada la meseji nzito, zile zenye jina la mtu na mahali alipo, likaitwa Kitubio. Kitubio, Mama. Nililiona neno hilo kwenye kioo cha kompyuta asubuhi moja. Nikafikiria watu waliojipanga foleni kanisani kabla ya Pasaka, kila mtu na lake, wakingoja kulinong'ona kwa padri ambaye hata ukimkata kichwa hasemi. Nikanywa maji. Nikaendelea na kazi. Kama kuna siku ninayoitamani irudi ni hiyo, maana hapo nilijua kabisa ni nini, na bado hapakuwa na aliyeumia.

Bango lake uliliona mwenyewe. Rangi ya bluu, mabawa mawili meupe, na katikati ya mabawa, mahali pa uso, mchoraji akaweka jicho. Chini yake maneno yangu: "Malaika Mlinzi yupo nawe. Mwambie." Halafu namba fupi ya kutumia meseji. Walilibandika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na pale zahanati ulipokuwa unachukua dawa zako za presha. Ulirudi siku hiyo unatabasamu tangu getini. "Nimeiona kazi yako," ukasema. "Hujakosea hata nukta." Kwa miaka yote uliyonifundisha, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunipa alama zote.

Jumamosi iliyofuata ukawasimulia wanajumuiya.

Haya unayajua, lakini niache niyaandike, nataka yawe kwenye karatasi. Jumuiya inakutana alfajiri kila Jumamosi, nyumba hadi nyumba, na kila mtu anataja nia yake ya kuombewa. Wewe mwenyekiti ulikuwa na sheria yako. Hukupenda nia ya jumlajumla. Mtu akisema naiombea familia yangu, ulimkatisha palepale: "Nani? Yuko wapi? Ana nini? Mungu anajua, sie wenzio hatujui. Taja jina, taja mahali." Wageni waliona unawaonea, lakini wenyeji walizoea, na wiki iliyofuata mtu aliyetajwa anapelekewa uji au anatembelewa. Ndiyo maana watu walikupenda. Maombi ya kwako yalikuwa na miguu.

Basi wamama wakaliona bango, wakamsikia mwenyekiti wao akisema mwanangu ndiye aliyeliandika. Wakaamini ni namba ya maombi. Labda ya parokia, labda ya masista, nani angeuliza? Wakaanza kutuma nia zao, na wakazituma kama ulivyowafundisha, jina na mahali. Na simu ikawajibu! Kila aliyetuma alipata jibu la papo hapo: "Malaika amekusikia." Hayo pia niliyaandika mimi, mchana mmoja, huku natafuna karanga.

Mimi ndiye niliyekuwa nazisoma. Kompyuta haielewi Kiswahili cha watu, inaelewa cha vitabuni, kwa hiyo nilipewa kazi ya kupitia meseji zilizoishinda na kuzitia kwenye jalada lake. Mwanangu Agripina anarudia mtihani. Mume wangu ameondoka tangu Kwaresima, yuko kwa mwanamke mmoja Mbezi. Mguu wangu wa kushoto. Mwanzoni tulichekacheka pale ofisini. Mkurugenzi alisema tusiwavunje moyo, hiyo ni imani. Ningeweza kukuambia jioni yoyote, Mama, "Waambie waache, ile si namba ya maombi." Lakini ningelazimika kukupa na ile nusu nyingine, na ulikuwa umeshanipa alama zote.

Halafu ukafa.

Nilikuacha unalalamika kwamba uji una sukari nyingi. Niliporudi walikuwa wameshakufunika. Nilikasirika, unajua? Nilikukasirikia wewe. Niliusafisha mwiko wa ule uji kwa nguvu mpaka shangazi akaninyang'anya.

Tulikusafirisha Mbinga, tukakuzika kando ya Baba, nikarudi Dar, na baada ya siku chache nikarudi kazini kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Wiki ile ya kwanza nilikuta meseji zimejaa. Nilizipitisha kama mtu anayepepeta. Sikuwa nasoma. Nilikuwa naangalia vitu viwili tu, kama ina jina na kama ina mahali. Ikiwa navyo, nabonyeza, inaingia Kitubio. Nikabonyeza siku nzima.

Sasa Deo. Wewe ulimfundisha darasa la tatu, ulisema ana mwandiko wa daktari. Deo wa Mama Deo, rafiki yako wa pembeni ya kanisa, yule aliyekushonea kitenge cha Jubilei. Amekuwa akiuza viatu vya mtumba Buguruni. Siku wafanyabiashara walipohamishwa pale kulitokea vurugu, kioo cha gari la kiongozi mmoja kikavunjwa, na jina la Deo likawa miongoni mwa yaliyotajwa. Yeye anasema hakurusha kitu, alikuwa anakusanya viatu vyake. Mimi namwamini. Akaja kujificha kwa mama yake hapa Kibamba, na mkewe Zuhura na mtoto wao mchanga, kwenye chumba cha uani. Hakuna jirani aliyejua. Hata mimi sikujua.

Gari lilikuja saa sita mchana. Halikuuliza mtu. Wanaume wanne walipita sebuleni, wakapita jikoni, wakaenda moja kwa moja mpaka uani, wakafungua mlango ule ule. Zuhura alikuwa ametoka kwenda dukani kununua sabuni. Aliporudi, mumewe hayupo.

Unaona kilichofuata. Watu waliojua chumba ni watatu. Deo hakujitaja, mama mzazi hamtaji mwanawe, kwa hiyo nani amebaki? Binti wa watu, wa dini nyingine, aliyetoka nyumbani dakika chache kabla ya gari kufika. Mama Deo, yule mama mpole, alimtupia nguo zake nje na akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua yako. Zuhura akaenda kwa shangazi yake Buguruni na mtoto mgongoni.

Jumamosi hiyo jumuiya ilisali kwa Mama Deo. Nilikwenda kwa ajili yako, nikakaa karibu na mlango. Ilipofika zamu yake ya kutaja nia alitoa simu kwenye kitambaa. "Nilimwambia," akasema. "Mie nilimwambia kila kitu Malaika Mlinzi, jina na mahali, kama Mwalimu alivyotufundisha. Na alinijibu. Angalieni." Simu ikazungushwa mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu nikayasoma maneno yangu mwenyewe. Wengine walisema amina.

Jumatatu nilifungua Kitubio nikaitafuta meseji yake. Sikuhitaji kutafuta sana. Nainakili kama ilivyo, usiisahihishe: "Malaika mlinzi nakuomba umlinde mwanangu Deogratias yuko kwangu Kibamba chumba cha uani nyuma ya banda la kuku anatafutwa kwa kosa si lake mfunike kwa mabawa yako asionekane na mtu." Pembeni yake, kwenye nafasi ya aliyeipitisha, kuna jina langu.

Nilikuwa nimeisoma, Mama. Macho yangu yalipita juu ya kila neno. Kama ningeisoma kama mtu ningemjua mara moja, mimi mtoto wa mtaa ule ule. Lakini nilitafuta jina, nikaliona. Nikatafuta mahali, nikapaona. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Usidhani nilikimbia kwenda kuungama. Nilinyamaza Jumamosi tatu. Nilijipa sababu nyingi nzuri, kwamba kusema hakutamrudisha Deo, kwamba Mama Deo atakufa kwa uchungu akijua ni yeye mwenyewe aliyemtaja, kwamba nilikula kiapo cha kazi. Nilikuwa na sababu mpya kila siku. Kaka Saidi aliniona sili, akanidadisi mpaka nikamwambia. Hakunikumbusha yale ya Msasani, hilo namshukuru. Aliniuliza tu, "Na yule binti? Yuko Buguruni kwa kosa la nani?"

Nilikuwa simfikirii Zuhura. Naona aibu kuandika hivyo. Nilikuwa nafikiria roho yangu tu, mchana kutwa, huku mtoto wa watu anaitwa msaliti.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Mama Deo. Alikuwa uani anamenya viazi. Nilimsalimia, nikachukua kisu kingine nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na nikamwambia huku namenya kwa sababu nisingeweza kumwambia nimekaa bure. Nilimwambia yote. Namba ni ya nani. Jina alilitunga nani. Jibu aliliandika nani. Meseji yake aliipitisha nani. Nikamwambia Zuhura hakusema neno kwa mtu yeyote.

Hakulia. Aliendelea kumenya mpaka kiazi alichoshika kikaisha chote, akawa anamenya hewa. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku zote hizo niliyekuwa namwomba ni wewe."

Nikasema ndiyo, mama.

Akaniangalia. "Na uliposoma, uliniombea?"

Nikasema hapana.

Sijawahi kuulizwa swali gumu zaidi ya hilo, na nimefanyiwa usaili na watu wenye tai. Nilitamani anipige. Ungekuwa wewe ungenipiga, na tungemaliza. Yeye alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga ya pili, akasema, "Nipeleke Buguruni."

Tulimkuta Zuhura anafua nguo za mtoto kwenye kibaraza cha shangazi yake. Mama Deo alisimama mbele yake, mkwe mbele ya mkamwana, mwanamke wa miaka ile, na akapiga magoti pale pale kwenye maji ya sabuni. Zuhura aliruka kama ameungua. "Mama, inuka bwana, unanifanyia nini? Watu wanatuangalia!" Akamshika mikono akamwinua. Ndipo Mama Deo akalia, na Zuhura akalia, na shangazi mtu alinipa mtoto nimbebe, maana mimi ndiye niliyekuwa sina kazi. Hakuna aliyemwambia mtoto yuko mikononi mwa nani.

Zuhura hakukubali kurudi Kibamba. Alisema kwa heshima zote, "Mama, nitakuja, lakini nitakuja na mume wangu. Siwezi kuingia mlango ule mwenyewe." Sidhani kama amekosea. Ila kabla hatujaondoka aliniuliza mimi, bila hasira, kana kwamba anauliza njia, "Dada, hizo meseji nyingine za wamama bado zinaingia?"

Zilikuwa bado zinaingia.

Jumatatu nikafika ofisini mapema, nikaingia mahali pa lile jibu la papo hapo, nikalifuta, nikaandika lingine. Niliandika: "Hii ni ofisi ya serikali, si namba ya maombi. Ujumbe wako unasomwa na mtu na unahifadhiwa." Nilihakiki tahajia. Liliwafikia watu wote waliotuma tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana, ndipo mtu akagundua. Kwa muda ule meseji zilipungua mpaka chumba kikawa kimya.

Mkurugenzi aliniita. Hakufoka. Aliniuliza nani amenituma, nikasema hakuna. Akasema nimewatia watu hofu isiyo na sababu, na jina lile lilikuwa limekwisha kubarikiwa. Ndivyo alivyosema, kubarikiwa, na niliona kwamba anaamini. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko jambo lolote katika kisa hiki. Ningemwelewa mtu mwongo. Nilimwambia kwamba kuna mama aliomba mwanawe afunikwe, na sisi tukamfunua kwa jina la yule yule aliyeombwa. Akasema, "Nenda nyumbani, Tekla. Kaombee jambo hili." Kisha akaongeza kwamba barua itanifuata. Jibu la zamani limerudishwa jioni ile ile. Kaka Saidi ndiye aliyenijulisha, kwa kuja nyumbani mwenyewe, hakutaka kulisema kwenye simu.

Kwa hiyo niko barazani kwako siku ya kazi, nasubiri barua.

Deo ameonekana. Wakili mmoja wa msaada wa kisheria alipoambiwa jinsi alivyopatikana alijua pa kuuliza, wakubwa wa ofisi yetu wakaulizwa, wakataja kituo cha polisi anakoshikiliwa. Mama yake amempelekea chakula mara mbili. Amekonda, ameota ndevu, amecheka alipoona viazi. Kesi yake itasomwa, haijajulikana lini. Zuhura naye huenda, wanapokezana na mama mkwe wake, mmoja leo mwingine kesho. Sijaambiwa kwamba nimesamehewa, wala sijaomba.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo lililonikalisha niandike. Habari imeenea kwenye jumuiya, na imeenea bila mimi, kwa vipande. Wanasema Mwalimu alijua. Wanasema ndiyo maana alikuwa akidai majina na mahali, miaka yote ile, kwamba alikuwa akiwakusanyia wakubwa kupitia kwa mwanawe. Mama, wamesema hivyo kuhusu wewe. Mwanamke uliyempelekea uji mwezi mzima amesema hivyo. Walikuwa wapange misa ya kukukumbuka, na sasa kila mmoja ana udhuru. Mama Deo mwenyewe aliniuliza jana getini, "Mama yako alijua?" Nikamwambia hakujua. Akasema, "Ningependa kukuamini, mwanangu. Lakini wewe ndiye uliyeandika kwamba Malaika amenisikia." Akaenda zake.

Nilitumia maneno yangu vibaya, na sasa ninayahitaji hayo hayo kwa ajili yako, na hayana nguvu.

Kesho ni Jumamosi. Zamu ya jumuiya ni hapa kwetu, ilishapangwa tangu ukiwa hai, iko kwenye daftari lako kwa mwandiko wako. Sijui watakuja wangapi. Nimeshaomba mikeka kwa jirani wa ukuta, na nilipokuwa pale nimemwambia pia kuhusu ile hatua moja. Amenuna, lakini amenipa mikeka.

Sitasoma popote, nitasimama tu. Ikifika zamu yangu ya nia nitataja jina langu kamili na kazi niliyokuwa nafanya, na siku ile ya mchele, ulivyoniuliza na nilivyokujibu. Nitawaambia nilikuficha kwa sababu nilipenda unisifu. Wakitaka kuondoka nitawafungulia geti. Wakija wawili nitawaambia wawili, na wiki ijayo nitakwenda kwa waliobaki, mlango kwa mlango, na nitarudia hivyo hivyo mpaka wanichoke.

Kwaheri, Mama. Lala huko kwenu kwenye baridi. Kazi yangu imepotea na sijali sana, Deo atarudi kwa uwezo wa Mungu, Zuhura ni mtu mzima kuliko sisi sote. Nakuahidi moja tu, na hili nitalifanya hata kama hakuna atakayeniamini. Nitawaambia kwamba hukujua.

Mwanao,
Tekla